Wiki tisa za kungoja kisu: kisa cha uvimbe wa ovari, Tanga

Kabla ya yote

Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Jina nimempa jingine, mtaa sikuutaja, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwake nimeyageuza ili jirani asimtambue. Nitamwita Mwanaidi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya wanawake, na sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu mwenyewe.

Naandika kwa wauguzi wenzangu na wahudumu wa afya wa mitaani, lakini zaidi kwa mwanamke aliyepangiwa tarehe ya upasuaji, akarudi nyumbani na karatasi mkononi, asijue siku za katikati azipitishe vipi.

Usuli

Mwanaidi ana miaka 34 na watoto watatu, wote kawazaa kwa njia ya kawaida, wa kati akiwa nyumbani usiku wa mvua. Anaishi Tanga mjini. Kila alfajiri hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, na ikifika saa mbili asubuhi sinia tupu. Mumewe ni dereva wa lori, akitoka ametoka, pengine siku kumi. Nyumbani yupo mavyaa wake, na binti wa kwanza wa miaka 11 ambaye ndiye karani wa biashara: unga kilo ngapi, nazi ngapi, nani kakopa.

Maumivu yalimwanza miezi saba kabla hatujamwona. Yalikuwa upande wa kulia chini, mazito, yakija na kwenda. Alitibiwa U.T.I mara tatu, mara mbili kati ya hizo bila mkojo kupimwa. Nyumbani iliitwa chango. Kwa sisi watu wa Pwani neno hilo ni kapu: humo mna maumivu ya hedhi, mimba zinazoharibika, kukosa mtoto, tumbo kujaa, na uvimbe pia. Silibezi. Kasoro yake ni kwamba likishatamkwa, watu huacha kutafuta.

Wifi yake ndiye aliyemleta, baada ya kuona tumbo limejaa upande mmoja. Altrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 8.4 kwenye ovari ya kulia, ndani yake sehemu ya majimaji na sehemu nzito yenye kung'aa. Mpimaji aliandika kwamba huenda ni demoidi. Ovari ya kushoto ilikuwa salama. Mimba hakuna, mkojo safi, kiwango cha damu (hemoglobini) 9.1, yaani pungufu.

Hapa inafaa kutofautisha, kwa sababu neno "uvimbe kwenye mayai" huwatisha watu wote sawasawa. Uvimbe wa maji ulio wa kawaida hutokana na mzunguko wenyewe wa mwezi: kifuko cha yai kinajaa maji, na mara nyingi ndani ya mizunguko miwili mitatu kinanywea bila dawa. Ndiyo maana wengi huambiwa warudi baada ya miezi miwili mitatu, nao hudhani wamepuuzwa. Demoidi si ya namna hiyo. Hainywei. Hukua polepole, karibu kila mara si saratani, lakini ina uzito, na uzito unaoning'inia ndio wenye hatari yake.

Kwa nini aliambiwa angoje

Daktari bingwa alipanga upasuaji wiki ya saba. Faili lilitaja sababu mbili. Kwanza damu: kumfungua tumbo mtu mwenye 9.1 inawezekana, ila kama hakuna dharura ni bora apandishwe kwanza. Pili foleni ya chumba cha upasuaji.

Ya tatu haikuandikwa popote, nayo ndiyo iliyoamua. Mwanaidi hakuwa na bima. Zamu yake ya kupokea mchezo wa akina mama ilikuwa baada ya Idi, na Ramadhani ilikuwa inaingia wiki ya tatu, mwezi ambao muuza chakula huvuna. Alimwambia daktari, "Nipe baada ya Idi, dokta, nitakuja na hela yangu." Daktari akakubali.

Akapewa vidonge vya madini ya chuma, parasetamo, na karatasi yetu ya kliniki. Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: "Rudi haraka ukipata maumivu makali, homa au kutokwa damu nyingi." Niliuandika mimi, miaka kadhaa nyuma, na sikuwahi kuurudia.

Wiki mbili za mwanzo: nywele na meno

Mpimaji wa altrasaundi, kwa nia njema, alimdokeza kwamba uvimbe wa aina hiyo hukutwa na nywele, pengine na jino. Hakuendelea. Kufika jioni habari ilikwishazunguka uani: Mwanaidi ana kitu tumboni chenye meno. Kuna aliyesema katupiwa. Mwingine akauliza kama ni pacha wake aliyemmeza.

Mavyaa akachukua hatua kama mama yeyote mwenye mapenzi angechukua. Alileta kombe kutoka kwa maalimu, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa zinywewe, na akamleta bibi mmoja mchuaji arudishe chango mahali pake. Mwanaidi alichuliwa tumbo mara tatu, mafuta ya nazi na vidole gumba vikizama upande wa kulia hadi akauma khanga.

Habari hizo nilizipata wiki ya pili, alipokuja kuchukua vidonge na nikaona wekundu tumboni. Nikaomba mavyaa aje naye siku inayofuata. Alikuja, amejifunga ushungi vizuri, amekaa wima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeitwa nisutwe?"

Nikamwambia hapana, nimekuita unisaidie. Nikaanza na nywele. Nilimweleza kwamba seli ya yai la mwanamke ndani yake ina maelekezo ya kujenga mwili mzima, na mara mojamoja seli moja huanza kujenga peke yake, bila mume wala mimba, ikajenga vitu ovyo bila mpango: mafuta, ngozi, nywele. Hakumezwa pacha, na hakuna aliyetupa kitu. Akanyamaza, kisha akasema, "Kama fundi kichaa." Mfano huo nimeukopa tangu siku hiyo.

Halafu nikaja kwenye kuchua. Ovari haikukaa imara kama ini. Inaning'inia kwenye kano, na ndani ya kano hizo ndimo mishipa ya damu inamopita. Ni embe kwenye kikonyo. Embe likiwa dogo halina neno, ila likishakuwa zito likasukumwa, linaweza kujizungusha na kikonyo kikajisokota. Mshipa unaorudisha damu huzibwa mwanzo, maana ukuta wake ni mwembamba. Damu inaingia haitoki, ovari inavimba, inaanza kuwa nyeusi. Upande wa kulia hutokea zaidi, kwa kuwa kushoto utumbo mpana umejaza nafasi. Na kuchua kwa nguvu kunaweza pia kuupasua, yale mafuta yakamwagika tumboni.

Mavyaa akauliza swali moja tu: "Na kombe?" Nikamwambia endelea, mradi vidonge haachi na hanywi mizizi mingine, maana ile hatujui inavyogombana na dawa ya usingizi. Kuna wenzangu walioniona nimelegea. Nilikuwa na hiari mbili: kumpata mavyaa upande wetu kwa kumwachia kikombe cha zafarani na maji ya waridi, au kumpoteza na mchuaji akarudi kwa mlango wa nyuma. Mchuaji hakurudi.

Ramadhani

Mwezi ulipoandama, mahamri ya asubuhi yakapumzika na meza ya jioni ikaanza: mihogo ya nazi, mbaazi, viazi vya kuponda. Nazi zikapanda kutoka tatu kwa siku hadi kumi. Na Mwanaidi akaanza kulalamika kwamba maumivu yanazidi kila alasiri.

Nilimuuliza anafanya nini alasiri. "Kazi zangu tu." Jibu hilo halina faida, na muuguzi akiridhika nalo hajauliza kitu. Nikamtuma mhudumu wetu wa mtaani akakae naye saa tisa hadi kumi na moja. Alirudi na jibu la neno moja: mbuzi.

Anayeijua kazi hiyo ataelewa. Unakaa juu ya kibao kilicho chini kabisa, magoti juu, mapaja yameubana mfuko wa tumbo, umeinama mbele, na kila ukizungusha kifuu mkono unavuta na kiuno kinafuata. Nazi kumi ni dakika arobaini za hivyo. Hakuna altrasaundi itakayokuonyesha hilo. Tulimwambia achukue nazi ya kukunwa kwa mashine sokoni. Alikataa siku mbili, wateja watasema tui jepesi, siku ya tatu akakubali. Ndoo ya maji ya lita 20 ikagawanywa madumu mawili madogo, akabeba kijana wa jirani. Kulala, alijifunza kulalia ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti. Maumivu ya alasiri yalishuka ndani ya siku nne, bila kuongezwa hata kidonge kimoja.

Vidonge vilikuwa kisa kingine. Wiki ya nne alikuja na kiungulia kikali. Nikamwambia alete dawa zake zote, siyo majina, dawa zenyewe. Akamimina mezani kifuko: parasetamo yetu, ibuprofeni ya duka, diklofenaki ya duka jingine, na pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango aliyopewa na shoga yake "iyeyushe uvimbe". Ibuprofeni na diklofenaki ni watoto wa mama mmoja, ukizinywa pamoja huongezi nafuu, unaongeza kidonda cha tumbo. Naye alikuwa akizimeza wakati wa daku na maji matupu, kisha anafunga hadi magharibi. Kwa mtu mwenye damu 9, tumbo likianza kuvuja kidogokidogo unajaza ndoo iliyotoboka. Vidonge vya uzazi wa mpango husaidia vimbe vipya vya mzunguko visijitokeze. Demoidi iliyokwisha kuwapo haviigusi.

Diklofenaki tuliitoa. Parasetamo ikapangwa gramu moja baada ya futari, gramu moja kabla ya kulala na nyingine wakati wa daku, jumla gramu 3 ambayo iko chini ya kikomo cha gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 baada ya futari, kwa siku tatu tu anapozidiwa. Omeprazo wiki mbili. Kidonge cha chuma kikawa baada ya tarawehe, na chungwa, mbali na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kisifyonzwe. Choo kikawa kigumu na cheusi. Tulikuwa tumemwambia kitakuwa cheusi, hatukumwambia kitakuwa kigumu, akaogopa kujikamua. Papai na maji mengi usiku vilitosha.

Kuhusu kufunga kwenyewe nilikosea njia. Nilimkataza kama nesi, naye akanitazama kama mtu anayezungumza habari asizozijua. Wifi yake akampeleka kwa ustadhi, ambaye alimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Siku za maumivu akawa anakula. Ningempeleka huko tangu siku ya kwanza.

Lipo jambo ambalo sikuliuliza kabisa, nalo ni chumbani. Mume alirudi safari katikati ya mwezi, na kukutana kulimuuma sana, akavumilia. Aliyelitoa ni somo wake, mwanamke wa makamo aliyemfunda kabla ya ndoa. Somo alizungumza na mume kwa namna yao. Katika mazungumzo hayohayo akamchukulia na ahadi nyingine: kwamba siku ya kisu ikifika naye yuko njiani, hakuna kumsubiri. Ahadi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa.

Daftari

Tulimwomba aandike maumivu kila siku kwa namba, sifuri hadi kumi. Hakuandika. Namba hazikumwambia kitu. Binti yake ndiye aliyeokoa jambo: kwenye daftari la hesabu za biashara, pembeni mwa nazi na unga, akaanza kumchorea mama yake mahamri. Pembetatu moja ni siku nzuri. Tano ni mbaya kabisa. Kila jioni anamuuliza, "Mama, leo mangapi?" kisha anachora.

Nililipitia daftari wiki ya sita. Siku za hedhi mahamri matatu hadi manne. Baada ya nazi ya mashine, moja na mawili. Damu ilikuwa imefika 10.8. Kaka zake wawili walikuwa wamekwenda kutoa damu. Dereva wa bajaji wa kona ya mtaa alikuwa na namba ya nyumba. Nilimwambia Mwanaidi, na maneno yangu nayakumbuka: "Hongera dada, wewe ni mvumilivu."

Simu ya wiki ya saba

Siku tatu kabla ya tarehe alipigiwa simu kwamba upasuaji umesogezwa wiki tatu mbele. Meza ya upasuaji ilikuwa ikichukuliwa mfululizo na wajawazito wa dharura, na mtaalamu mmoja wa usingizi alikuwa likizo. Sababu za haki kabisa. Lakini aliahirishwa kwa simu. Hakuna aliyemwita aguswe tumbo upya, wala aliyeuliza uvimbe sasa una ukubwa gani. Idi ilikwisha, akarudi kwenye mahamri ya alfajiri.

Ijumaa kuamkia Jumamosi, wiki ya tisa

Saa nane usiku aliamshwa na maumivu ambayo anasema yaliingia "kama mtu kafunga fundo na kulivuta". Alitapika mara mbili kwenye beseni. Binti aliamka. Mwanaidi akamwambia alale, chango hilo, litapita. Na kweli saa kumi na moja alfajiri likalegea. Akaamka akakanda unga.

Saa tano asubuhi yakarudi. Saa sita mavyaa akampa uji, akanywa nusu bakuli. Saa saba binti katoka madrasa akamkuta mama yake amechuchumaa mlangoni, kashika mwimo, jasho linamtiririka, halii. Alipiga namba iliyo kwenye karatasi ya kliniki. Iliita hadi ikakata, kwa sababu ni simu ya ofisi na siku ni Jumamosi. Akampigia shangazi yake. Bajaji ikaja.

Mapokezi waliona mwanamke mtulivu, wakamwambia akae kwenye benchi. Hapo mtoto alifungua daftari na kulipeleka dirishani. Mstari wa Ijumaa ulikuwa hivi: mahamri matano, kisha, kwa mwandiko wa darasa la tano, "M. katapika x2. Mama kasema nisiandike."

Daktari wa zamu aliusoma na kuinuka. Mapigo 112, tumbo gumu kulia, homa hakuna. Kipimo cha mimba kikarudiwa. Altrasaundi ikaonyesha ovari imevimba na kusogea katikati, ingawa damu ilionekana bado inapita kidogo. Yupo ambaye angetulizwa na hilo. Daktari huyu hakutulia, na alikuwa sahihi: damu kuonekana haimaanishi ovari haijajisokota. Akamwita bingwa. Mtaalamu wa usingizi aliuliza kwanza amekula nini na saa ngapi, na habari ya uji haikumfurahisha. Mavyaa alisema asubiriwe mwenye mke. Wifi akasema mwenye mke kesharidhia tangu Ramadhani. Mwanaidi akasaini mwenyewe, ambayo ndiyo haki yake kwa vyovyote.

Saa mbili usiku tumbo lilifunguliwa kwa mkato wa chini. Ovari ilikuwa imejisokota mizunguko miwili, rangi ya zambarau iliyoiva. Bingwa aliinyoosha, akaifunika vitambaa vya maji ya uvuguvugu, akangoja. Baada ya kama dakika kumi rangi ikaanza kurudi, si yote. Akautoa uvimbe peke yake na kuiacha ovari. Ndani mlikuwa na mafuta kama samli iliyoganda na shungi la nywele urefu wa kidole. Jino halikuwamo. Tumbo likaoshwa kwa maji mengi ya chumvi ya uvuguvugu, maana mafuta yale yakibaki hulichoma tumbo kwa ndani.

Damu ya kaka zake haikuhitajika. Alitoka wodini siku ya nne. Majibu ya maabara yalikuja wiki ya tano baada ya upasuaji: demoidi iliyokomaa, saratani hakuna. Altrasaundi ya wiki ya nane ilionyesha ovari ya kulia ina vifuko vidogo vya mayai, yaani iko hai.

Uchambuzi

Neno lililotuponza ni "makali". Karatasi ilimwambia arudi akipata maumivu makali. Mwanamke aliyejifungua nyumbani usiku wa mvua bila kidonge ana kipimo chake cha ukali, na usiku ule kwa kipimo chake hakuwa amefika. Nilipomuuliza wodini kwa nini hakuja saa nane ile ile, alishangaa: "Mbona yalipoa?" Hakuna mahali tulipomwambia kwamba ovari inaweza kujisokota, ikajisokotoa, ikajisokota tena, na kwamba kupoa si kupona. Kibaya zaidi, mimi nilikuwa nimempa hongera ya uvumilivu. Kwa wiki nane tulimfundisha kustahimili, akafuzu, na nusura kufuzu huko kumgharimu ovari.

Karatasi mpya haina neno makali. Inasema: maumivu ya ghafla upande mmoja pamoja na kichefuchefu au kutapika, njoo saa hiyo hiyo, hata yakitulia njiani. Ukizimia au kizunguzungu kikikushika, njoo. Homa, njoo. Tumbo likiwa gumu kama ubao, njoo. Na ukishaamua kuja, usile wala usinywe. Huo mstari wa mwisho haukuwapo, ndiyo maana uji ukanywewa. Namba ya simu sasa ni ya wodi, inapokewa usiku na siku za mapumziko.

Je, kungoja kulikuwa kosa? Nimelizungusha sana. Wiki saba za kwanza nazitetea: damu ilipanda, hela ilipatikana, na ndiyo sababu upasuaji wa usiku ulikwenda bila chupa hata moja ya damu. Wiki mbili zilizofuata sizitetei. Uvimbe wa zaidi ya sentimita 8, umekwishachuliwa mara tatu, ulipaswa kuitwa na kutazamwa siku ileile ulipoahirishwa, na kwenye foleni mpya kupewa nafasi ya mbele. Tuliahirisha tarehe, na ufuatiliaji nao ukaahirika.

Wapo waliosema kama ovari ilikuwa zambarau ingetolewa tu. Ndivyo ilivyofanywa miaka mingi. Siku hizi kwa mwanamke wa umri wa kuzaa mwelekeo ni kuiacha, kwa sababu nyingi zinazoonekana zimekufa hufufuka.

Yaliyofaa mengi hayakutoka kliniki. Nazi ya mashine ilishinda dawa. Somo alifanya mazungumzo ambayo mimi niliyaogopa. Ustadhi alitoa ruhusa iliyosikika. Mavyaa alimfukuza mchuaji. Kuhusu daftari sidai tulilibuni. Sisi tulileta namba, mtoto akazitupa akaweka mahamri. Ila tangu hapo nawauliza wagonjwa swali jingine: nyumbani kwako nani huona mambo hata ukimkataza kusema? Huyo ndiye ninayempa karatasi ya pili.

Ya mapokezi nitasema kidogo. Asiyelia hukaa benchi. Tumeweka swali la kutapika kwenye dirisha la kwanza, kwa kila mwanamke mwenye maumivu ya tumbo chini. Linachukua sekunde.

Alipokuja wiki ya nane Mwanaidi aliniuliza lini ataruhusiwa kukaa kwenye mbuzi. Nikamwambia kidonda kimepona, sasa anaweza, polepole. Akafikiri, akasema ataendelea na mashine. Wateja wawili wamelalamikia tui, wengine hawakugundua. Mbuzi kaichukua mavyaa, anakunia nazi yake mwenyewe, kwa kuwa hiyo ya mashine, anasema, haina ladha. Binti naye ameacha kuchora mahamri pembeni. Ukurasa wa mwisho nilioonyeshwa ulikuwa na unga kilo nne, nazi za mashine sita, na jina la jirani anayedaiwa tangu Idi.